Umbria, Italia: siku tisa na mama yangu katika vijiji vya milimani kabla ya hija ya Cascia

BintiMachame ameuliza:

Wanajukwaa, natumaini hamjambo. Mwezi wa Mei ujao nitamsindikiza mama yangu kwenda hija Cascia, katika mkoa wa Umbria nchini Italia, kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Rita ambayo huadhimishwa tarehe 22. Mama ana miaka 68, ni muuguzi mstaafu wa zahanati ya kijijini, amekulia kwenye kihamba cha migomba na kahawa, na goti lake la kushoto halimruhusu kupanda ngazi nyingi. Kundi la parokia yetu litafika Cascia jioni ya tarehe 20, lakini sisi wawili tumekata tiketi za kutangulia, kwa hiyo tutakuwa na siku tisa za kwetu wenyewe kuanzia tarehe 11.

Mama ameniambia wazi kwamba makanisa makubwa atayaona Roma, na kwamba anachokitaka ni kuona watu wa milimani wa huko wanalima nini, wanapika nini na sikukuu zao wanazifanyaje. Mimi nilikuwa nimepanga Florence siku mbili, kisha Siena, Orvieto, Assisi, Perugia na Gubbio, na kumalizia Castelluccio, kwa sababu nimeona picha za uwanda wake uliofunikwa na maua mekundu na ya buluu nikatamani mama ayaone. Je, mpango huu unatekelezeka kwa treni na mabasi, ikizingatiwa kwamba hakuna anayeendesha gari kati yetu? Je, kuna mila ya wenyeji tunayoweza kuishuhudia katika tarehe hizo? Ningefurahi zaidi kujibiwa na waliowahi kuishi huko.

KakaWaIringa amejibu:

Dada, hongera kwa kumtimizia mama nia yake, na naomba unifikishie shikamoo yangu kwake. Nilisoma Kiitaliano mjini Perugia, katika Chuo Kikuu cha Wageni kilichoanzishwa mwaka 1921, na baada ya masomo nilibaki huko miaka mitatu mingine. Kwa mpango ulioueleza, mama ataviona vituo vya treni zaidi kuliko vijiji. Miji ya Umbria imejengwa juu ya vilele vya vilima, na stesheni ziko chini bondeni, hivyo kila mnapohama nyumba ya kulala mnashuka na mizigo, mnasubiri, mnasafiri, kisha mnapanda tena kilima kingine. Kwa mtu mwenye goti bovu, kuhama mara moja ni sawa na kupoteza nusu ya siku. Ondoa Florence, Siena na Orvieto bila kusita. Fikieni Perugia, ambako kuna ngazi za umeme zinazopita ndani ya mitaa ya kale iliyofukiwa chini ya ngome ya Papa Paulo III, kisha mtoke hapo kwenda mnakotaka na kurudi jioni.

Kuhusu mila, tarehe zenu zimeangukia mahali pazuri mno. Kila mwaka tarehe 15 Mei, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Ubaldo, mji wa Gubbio hufanya mbio za Ceri. Neno hilo lina maana ya mishumaa, ingawa leo Ceri ni minara mitatu ya mbao yenye pande nane, kila mmoja ukiwa na uzito wa karibu kilo 300, na juu yake husimamishwa sanamu ndogo ya mtakatifu. Ubaldo ni wa waashi, na wabebaji wake huvaa mashati ya njano; Joji ni wa wafanyabiashara, nao huvaa buluu; Antoni Abate ni wa wakulima, na shati lao ni jeusi. Wote huvaa suruali nyeupe na kitambaa chekundu shingoni. Saa za mchana, katika uwanja ulio mbele ya Palazzo dei Consoli, minara husimamishwa kwa mkupuo mmoja huku kiongozi wa kila kundi akiumwagia mnara wake maji kutoka kwenye mtungi wa udongo, kisha akaurusha mtungi huo katikati ya umati ukapasuka, na watu wakagombania vigae kwa ajili ya baraka. Jioni mbio zenyewe huanza: zaidi ya kilomita nne kupita mitaani na kisha kupanda mlima Ingino hadi kwenye basilika ya Ubaldo. Wabebaji hupokezana mabegani bila mnara kusimama, na anayechoka huchomoka pembeni huku mwenzake akiwa ameshaingiza bega.

Ninachopenda kuliko yote, na ninachoomba umweleze mama kabla hajafika, ni kwamba katika mbio hizi hakuna anayempita mwenzake. Ubaldo hutangulia, Joji hufuata, Antoni huwa wa mwisho, na utaratibu huo haubadiliki hata siku moja. Mgeni asiyejua hili huuliza nani ameshinda, na mwenyeji humwangalia kwa mshangao. Wabebaji wanakimbia ili wasimwangushe mtakatifu wao na ili wasiache mwanya kati ya mnara na mnara. Minara hiyo mitatu ndiyo iliyochorwa kwenye bendera ya mkoa mzima wa Umbria. Hata hivyo, siku hiyo umati ni mkubwa sana na vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo mama asisimame njiani. Tafuteni mapema nyumba ya kulala yenye dirisha au roshani inayoangalia njia ya mbio. Basilika mkaione siku nyingine, kwa kupanda lifti ya waya ambayo ni kama kitundu kidogo cha chuma cha kubeba watu wawili wakiwa wamesimama. Mama atapanda mlima bila kuutembea kwa miguu.

Mambo ya chakula nitayagusa machache. Mkate wa Umbria hauna chumvi, na mkiuonja peke yake mtadhani mwokaji amesahau. Wenyeji husimulia kwamba mababu zao waliacha kutia chumvi mwaka 1540, Papa Paulo III alipoongeza kodi ya chumvi na Perugia ikamwasi, vita ambavyo kweli vilipiganwa na Perugia ikashindwa. Mimi naona maelezo ya mezani yanatosha: jibini la kondoo na nyama zilizokaushwa za huko zina chumvi nyingi, na mkate usio na chumvi ndio unaozisawazisha. Kitakachomkumbusha mama nyumbani ni torta al testo, ambayo Gubbio huiita crescia. Ni mkate bapa, mnene kuliko chapati, usioumuliwa kwa hamira, unaochomwa juu ya bamba zito la chuma, kisha hupasuliwa katikati na kujazwa mboga chungu za porini zilizokaangwa kwa kitunguu saumu. Mboga hizo ni ndugu wa mchunga kwa ladha.

Na msiache kwenda ziwa Trasimeno, karibu na Perugia, kutafuta kile wanachokiita fagiolina. Nilipoletewa sahani yake kwa mara ya kwanza nilimwambia mwenye nyumba kwamba hizi ni kunde, naye akakataa kabisa. Kumbe nilikuwa sahihi: ni kunde zilezile zenye asili ya Afrika, isipokuwa punje zake ni ndogo kama za mchele, nyeupe, nyeusi, kahawia na za mchanganyiko. Zilikuwa zikilimwa kando ya ziwa hilo tangu zamani za kale, karne nyingi kabla maharage ya kawaida hayajaletwa kutoka Amerika. Baada ya miaka ya 1950 zilikaribia kutoweka, kwa sababu maganda yake hayakomai kwa pamoja na mkulima hulazimika kupita shambani kila siku, kwa mkono, wiki baada ya wiki. Wazee wachache waliotunza mbegu ndio waliozinusuru. Huchemshwa tu, zikamiminiwa mafuta ya zeituni na chumvi kidogo. Mama azionje, kisha aseme mwenyewe.

MpishiWaBondeni amejibu:

Namheshimu kaka aliyetangulia, na kuhusu Gubbio amesema vema kuliko ambavyo ningesema mimi. Sikubaliani naye kuhusu kulala Perugia siku zote tisa. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, na huu ni mwaka wangu wa saba jikoni katika nyumba ya wageni ya shambani, katika bonde la mto Nera, linaloitwa Valnerina. Nyumba za aina hii huitwa agriturismo, na sheria ya Italia inamtaka mwenye nyumba abaki mkulima kwanza. Kupokea wageni ni kazi ya nyongeza. Kwa hiyo mgeni analala katikati ya kazi. Asubuhi anasikia trekta, mchana anakula kilichotoka bustanini, na jioni bibi wa nyumba anapokata maganda ya maharage mabichi hakuna atakayemkataza mama yako kuketi na kukata pamoja naye. Mtu aliyekulia kwenye kihamba hawezi kuyapata hayo akilala mjini. Kaeni Gubbio na Perugia hadi tarehe 16, kisha shukeni Spoleto kwa treni na mpande basi la kuingia bondeni. Spoleto nako kuna ngazi za umeme. Kutoka bondeni hadi Cascia ni mwendo mfupi, na mtakuwa mmeshapumzika kundi lenu litakapofika.

Sasa niseme ukweli kuhusu Castelluccio, ingawa najua hautakufurahisha. Kijiji kile kiko mita 1,452 juu ya usawa wa bahari na baridi yake huchelewa kuondoka. Maua uliyoyaona pichani huanza mwishoni mwa Mei na hushamiri kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai. Ninyi mtakuta uwanda wa kijani kibichi, na bila gari safari yenyewe ni ngumu. Inafaa pia mjue kwamba maua yale hayakupandwa na mtu. Ni magugu yanayoota ndani ya mashamba ya dengu, na yameendelea kuwepo kwa sababu wakulima hawapulizii dawa za kuua magugu. Watalii hupiga picha magugu, ilhali mwenye shamba anawaza dengu. Kila mwaka wapo wanaoingia ndani ya mashamba kutafuta picha nzuri zaidi na kukanyaga mazao ya mtu, jambo linaloniuma kila ninapolishuhudia.

Dengu zenyewe mtazipata kila mahali. Ni ndogo mno, zina rangi zilizochanganyika za kahawia, kijani na manjano, na ganda lake ni jembamba kiasi kwamba haziloweki. Mimi huziosha, nikaziweka kwenye maji baridi pamoja na kipande cha selari na kitunguu saumu, na baada ya nusu saa hivi zimeiva bila kupasuka. Tangu mwaka 1997 jina la dengu za Castelluccio linalindwa kisheria, mtu wa kwingine haruhusiwi kulitumia. Zamani, wakati wa mavuno mwishoni mwa Julai na Agosti, walikuwa wakija makundi ya wanawake walioitwa carpirine, wakiinama kutwa nzima kung'oa mimea kwa mkono na kuacha mafungu madogo yakauke juani. Leo mashine zinafanya sehemu kubwa ya kazi ile, lakini wapo bibi wa huku wanaokumbuka mama zao wakirudi na mikono iliyochanika.

Kuna jambo ambalo msilichukulie kwa wepesi. Mwaka 2016 nchi hii ilitikiswa mara kadhaa, kuanzia Agosti, na asubuhi ya tarehe 30 Oktoba lilipiga tetemeko la kipimo cha 6.5 lililoibomoa Castelluccio karibu yote na kuliangusha basilika la Mtakatifu Benedikto mjini Norcia, ukabaki ukuta wa mbele peke yake. Mimi sikuwa nimefika wakati huo, ila ninaishi na waliokuwepo. Basilika limejengwa upya na kufunguliwa mwaka 2025, lakini katika vijiji vingi mtaona winchi za ujenzi, kuta zilizofungwa kwa mihimili ya chuma, na familia zilizoishi miaka mingi katika nyumba za muda. Msipige picha za nyumba zilizobomoka kama vile ni magofu ya Warumi. Mkinunua dengu na jibini zenu Norcia kwa mwenye duka badala ya kuzinunua uwanja wa ndege, fedha hiyo inabaki mahali inapohitajika.

Kwa kuwa mama ni muuguzi, mpelekeni Preci. Ni kijiji kidogo kilichotoa matabibu wa upasuaji waliosifika Ulaya kwa karne kadhaa, hasa kwa kutoa mawe kwenye kibofu na kuondoa mtoto wa jicho. Ustadi wao unahusishwa na kazi ya kuchinja na kupasua nguruwe, kazi ambayo watu wa Norcia waliibobea kiasi kwamba hadi leo Italia nzima bucha la nyama za nguruwe huitwa norcineria. Na kama goti litaruhusu mwendo wa taratibu kwenye njia tambarare, tembeeni kipande cha reli ya zamani ya Spoleto hadi Norcia. Ilikuwa na urefu wa kilomita 51 na mahandaki 19, ilifunguliwa mwaka 1926 na kufungwa mwaka 1968. Reli zimeng'olewa na sasa ni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Chukueni tochi kwa ajili ya mahandaki.

Kuhusu kula, fuateni majira. Tartufo, ule uyoga mweusi unaoota chini ya ardhi na kutafutwa kwa mbwa, ule bora wa Norcia huchimbwa kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi, kwa hiyo usilipe fedha nyingi katikati ya Mei ukidhani unakula mbichi. Mei ni mwezi wa asparaga za porini, ambazo wazee wanazitafuta kando ya vichaka kabla jua halijapanda na kuzikaanga na mayai. Ni mwezi wa maharage mapana mabichi yanayoliwa bila kupikwa, pamoja na kipande cha jibini la kondoo. Na mtoni kuna samaki aina ya trauti. Cascia kwenyewe ulizeni zafarani. Maua yake huchumwa mwezi wa Oktoba alfajiri kabla hayajafunguka, kila ua linatoa nyuzi tatu tu nyekundu, na zinahitajika nyuzi za maua yapatayo 150 ili kupata gramu moja iliyokauka. Mimi nilizoea kutia zafarani kwenye pilau kwa kipimo cha macho. Tangu niliposhiriki kuzichambua mezani, usiku mmoja hadi saa sita, nazihesabu.

BaharaWaUnguja ameongeza:

Assalaam aleikum, na poleni na maandalizi. Niliwahi kufanya kazi ya msimu katika shamba la zeituni karibu na Spoleto, nami ni Mwislamu, kwa hiyo naongeza maneno machache kwa ajili ya wengine watakaousoma mjadala huu. Nyama ya nguruwe katika milima ile haiko kwenye sahani ya nyama peke yake. Supu ya dengu mara nyingi hupikwa na soseji, na baadhi ya nyumba hutia mafuta ya nguruwe, wanayoyaita strutto, kwenye unga wa torta al testo. Mimi nilikuwa nauliza mapema, siku moja kabla, kwa upole, wala sikumbuki hata mara moja ambapo mwenye nyumba alikasirika. Zaidi walifurahi kwamba mtu anataka kujua chakula kimepikwaje. Tambi za strangozzi kwa mtindo wa Spoleto, zenye nyanya, kitunguu saumu, pilipili na mafuta ya zeituni, zilinitosha siku nyingi. Kunde za Trasimeno kwa kweli ni kunde, sina la kuongeza kwa alichosema kaka wa Iringa.

BintiMachame amerudi:

Nawashukuru sana. Nilimsomea mama majibu yote jana usiku. Florence imeondoka bila mabishano, na Castelluccio ameniambia nisiihuzunikie, kwa sababu anasema hata kahawa huchanua siku zake na mgeni akichelewa hakuna wa kulaumiwa. Tumeandika barua kwa nyumba moja ya shambani bondeni kwa siku nne, kuanzia tarehe 16 jioni. Anayo maswali mawili. La kwanza ni adabu ya kuingia nyumbani kwa watu: yeye hawezi kuvuka kizingiti bila kubisha hodi, na anahofia kuonekana mshamba. La pili ni kitu gani cha kupeleka, kwa kuwa hajawahi kwenda kulala kwa watu mikono mitupu, hata kama analipia.

MpishiWaBondeni amejibu:

Mwambie mama, shikamoo, na kwamba kwa hilo la hodi atakuwa nyumbani kabisa. Huku mtu haingii hata kwenye mlango ulio wazi bila kusimama kizingitini na kusema permesso, na wa ndani hujibu avanti. Miezi yangu ya kwanza, nilipokuwa sijui Kiitaliano, neno hilo ndilo lililonifariji, kwa sababu nililielewa kabla sijafundishwa. Asiwe na haraka ya kuingia. Asubiri aitikiwe, kama anavyofanya kwao. Akikuta watu madukani au njiani awasalimie, kwani katika kijiji cha watu mia moja anayepita kimya ndiye anayeshangaza. Na kati ya saa saba mchana na saa kumi asigonge mlango wa mtu, kwa sababu wamekula na wamelala, na maduka yamefungwa.

Zawadi anayo tayari kihambani. Achukue kahawa yake mwenyewe, iliyokaangwa nyumbani na kusagwa laini kiasi, kwa sababu huku wanaichemshia kwenye birika dogo la chuma linalopandisha maji kwa mvuke. Afungashe kwenye mifuko midogo ya robo kilo, mmoja kwa kila nyumba. Watamuuliza mti wake unafananaje, unakaa kivulini au juani, unachumwa mwezi gani. Wakulima wa huku hunywa kahawa kila siku ya maisha yao na wengi hawajawahi kuongea na mtu aliyeichuma. Awe na picha chache za kihamba, zilizochapwa kwenye karatasi, kwa sababu mabibi wengi hawaoni vizuri kwenye simu.

Jioni ya tarehe 21 Cascia huwashwa taa ndogo za moto maelfu kwa maelfu kila mahali, na asubuhi ya tarehe 22 maandamano hutoka Roccaporena, kijiji alikozaliwa Rita, watu wakiwa wamebeba mawaridi ya kubarikiwa. Nunueni mawaridi yenu siku moja kabla, kwa sababu asubuhi foleni ni ndefu. Mama aketi upande wa kivuli, apumzishe goti, na waridi likikauka alifungashe kwenye karatasi ya kawaida, si ya plastiki, la sivyo litaoza kabla hajafika Machame.